Kopo la Biskuti Lisilo na Upande

Mama mdogo ana kazi ambayo watu hawaioni mpaka siku asipofika. Ni mhudumu wa ofisi. Anafungua mlango asubuhi, anafagia, anapanga viti, anachemsha chai, anapokea wageni na kuwaambia mkubwa yuko njiani hata kama mkubwa bado anapiga mswaki kwake. Ameifanya kazi hiyo tangu mimi naota meno, na katika ofisi ileile: chumba kimoja kirefu juu ya duka la baiskeli, chenye madirisha yanayotazama barabara na paa la bati linaloanza kulia jua likipanda. Ndiye aliyenilea baada ya mama kuhamia mbali kikazi, kwa hiyo ninapomsimulia siwezi kujifanya sina upande. Nampenda, na atakayemsema vibaya tutakosana.

Ofisi yenyewe ni ya chama cha watu wa mazingira. Nasema chama kimoja kwa heshima tu. Zamani kweli walikuwa kitu kimoja. Walisafisha mto unaopita nyuma ya mji, wakapima maji yake, wakapiga kelele juu ya taka zinazochomwa hovyo. Adui alikuwa mmoja na wote walimjua. Kisha ukaja mpango wa kujaza paneli za jua kwenye uwanda wa nyasi nje ya mji, na hapo kila mtu akagundua kwamba mwenzake aliyekuwa akishika naye fagio miaka yote hafikirii kama yeye.

Upande mmoja aliuongoza mhandisi mwenye miwani mizito na haraka ya kudumu. “Muda hatuna,” alikuwa akisema. “Moshi hauondoki kwa kuhurumiwa. Tujenge paneli, tujenge mitambo ya upepo, tuweke mabetri, tuvute nyaya mpaka mlango wa mwisho. Mtu ambaye hajawahi kuwa na taa humwambii apunguze taa.” Upande wa pili aliuongoza mwalimu mstaafu wa biolojia, mwanamke mwembamba anayeendesha baiskeli kwa mgongo ulionyooka. “Na wale ndege wanaotaga chini kwenye uwanda wataenda wapi? Na madini ya hayo mabetri yanachimbwa nyumbani kwa nani? Mkibadili mtambo msibadili ulafi, mmepaka rangi tu. Tuanze kwa kutumia kidogo.” Mimi nilipowasikiliza, niliona kila mmoja ana haki kabisa mpaka mwenzake alipofungua mdomo.

Mume wa mama mdogo, yaani baba mdogo, ni kinyozi, na kinyozi hujipa ruhusa ya kumbatiza kila anayekalia kiti chake. Mhandisi akamwita Bwana Washa. Mwalimu akamwita Mama Zima, kwa sababu hakuna chumba alichoingia mwalimu yule asizime kitu, hata redio ya watu. Kulikuwa na wa tatu, mhasibu kijana, aliyesimama mkutanoni siku moja akasema jibu ni nyuklia. Huyo pande zote mbili zilimchukia kwa umoja wa kupendeza. Akahamishia meza yake kwenye korido, akaishi huko kwa amani.

Wangeweza kuachana. Lakini jina la chama lilikuwa moja, chumba kilikuwa kimoja, na hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyeondoka. Basi wakasukuma makabati ya mafaili hadi katikati, wakapata ukuta wa kufika kifuani: kulia watu wa Washa, kushoto watu wa Zima. Vitu vitatu tu vilishindikana kugawanywa. Mlango, friji na mama mdogo.

Alivyowamudu ni sanaa. Upande wa Zima walitaka maji ya chai yachemshwe mara moja tu asubuhi, yatiwe kwenye chupa, yanywewe mpaka jioni. Upande wa Washa walitaka birika la umeme liwake kila anapoingia mgeni, maana umeme wao ni wa jua na jua halimletei mtu bili. Mama mdogo akaitikia “sawa” kulia, akaitikia “sawa” kushoto, akachemsha birika moja na kuwamiminia wote kutoka chupa ileile. Wa kulia wakasifu chai iliyotoka kuchemka sasa hivi. Wa kushoto wakasifu chai isiyo na ubadhirifu. Nyumbani akitusimulia, baba mdogo alicheka hadi akaweka wembe chini.

Kisha baba mdogo akaugua. Kisukari kilimwanza polepole, vidonge vikakituliza kwa muda, halafu vikashindwa, akaandikiwa sindano za insulini. Kliniki walimpa za kutosha mwezi, lakini friji yao ilijaa chanjo za watoto, kila mgonjwa atafute pa kuweka dawa yake. Nesi, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kukwaruza, akawaambia: “Ambayo hamjaanza kuitumia iwe kwenye ubaridi, lakini isigande. Ikiganda imekufa, na kwa macho huenda usijue.” Nyumbani kwetu friji haikuwepo, na umeme ulikuwa mgeni anayekuja bila taarifa na kuondoka bila kuaga.

Friji ya ofisini ilinunuliwa enzi za amani, ya kuhifadhia maji ya mto kabla ya kupelekwa kupimwa. Bwana Washa alikuwa ameiunganisha na paneli juu ya paa na betri kubwa chini ya meza, ili umeme wa mji ukikatika isizime. Mama mdogo alimwomba ruhusa mwenyekiti wa zamani, ambaye alijibu, “Weka, mama, dawa ni dawa,” kisha akastaafu na kurudi kwao bila kumwambia mtu. Vichupa vikawekwa ndani ya kopo la biskuti, kopo likawekwa rafu ya chini. Na hapo ndipo uhasama wa wale watu ulipotufaa. Watu wa Zima waliamini kopo ni la watu wa Washa, watu wa Washa waliamini ni la watu wa Zima, na kwa kuwa hawakusemezana, hakuna hata mmoja aliyewahi kuinua kifuniko. Hata panya wa ofisi ile nadhani walikuwa na pande.

Shida ilianza friji yenyewe ilipogeuka ajenda. Mama Zima alitaka iuzwe: maji ya mto siku hizi yalipelekwa moja kwa moja maabara, ya nini kupoza hewa tupu? Bwana Washa akasema friji ile ni ushahidi kwamba jua linaweza kufanya kazi ya watu, na anayetaka kuiondoa aanze kwa kumwondoa yeye. Mama mdogo alikuwa pale na sinia la vikombe, akawagawia chai kulia na kushoto.

“Si uwaambie tu kuna dawa?” nilimuuliza jioni, kwa hasira, maana mimi sina subira ya mambo kama hayo.

“Nikisema friji ibaki, nimeshakuwa mtu wa Washa,” akanijibu huku akimenya viazi. “Nikisema iondoke, namuua mume wangu. Mimi nahudumia wote, mwanangu. Siku nikiwa na upande, kesho yake nimemwaga unga.”

Mungu si mchoyo, wakaafikiana. Friji ibaki, lakini kila mwisho wa mwezi, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, swichi kuu ya ofisi izimwe kabisa. Mama Zima aliziita Siku za Kupumzisha Waya. Bwana Washa alikubali kwa kiburi: wazime wapendavyo, betri yake itaibeba friji peke yake. Mama mdogo alirudi nyumbani siku hiyo anaimba.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda shwari. Kisha, msimu wa joto, mwezi mmoja ukaishia katikati ya wiki. Mama Zima akahesabu kuwa Jumamosi ya mwisho ni ile iliyotangulia. Bwana Washa akahesabu kuwa ni ile inayofuata. Kuulizana lilikuwa jambo la kunyanyua kichwa juu ya kabati, na hakuna aliyenyanyua. Yaliyofuata tuliyajua baadaye, ila nayasema hapa yaeleweke. Ijumaa Mama Zima akazima swichi kuu, moyo mweupe, akijua friji ina betri. Jumamosi Bwana Washa akaja na vijana wake wakachomoa betri kwenda kuionyesha kwenye maonyesho ya shule, moyo mweupe, akijua friji ina umeme wa mji. Jumapili aliporudisha betri akakuta friji ina joto kama kabati la nguo. Akaona aibu. Alijua Mama Zima akigundua ataimba mwaka mzima kwamba mabetri hayaaminiki. Basi akaichomeka, akazungusha kitufe cha baridi mpaka mwisho ili ipoe upesi, akaenda zake. Jumatatu alfajiri Mama Zima, ambaye ana ufunguo wake, akaja kuwasha swichi kuu, akafungua friji, akakuta barafu imetanda mpaka rafu ya chini. Akasonya. Akakirudisha kitufe mahali pake, akafuta maji kwa kitambaa, akanyamaza, kwa kuwa alikuwa ameapa kutoanza ugomvi kabla ya chai. Mama mdogo alipofika, friji ilikuwa na ubaridi wake wa kila siku. Akachukua kichupa kipya cha kutumia, akakipeleka nyumbani.

Baba mdogo alijidunga kama kawaida. Siku zilivyokwenda akaanza kunywa maji asitosheke. Akawa anasinzia amesimama. Alimnyoa mteja mmoja upande wa kushoto, akamsahau wa kulia, mteja akatoka kibandani hivyohivyo akidhani ni mtindo mpya. Tulicheka. Kesho yake hakukuwa na wa kucheka, maana tulimkuta sakafuni kando ya kiti chake, anapumua haraka haraka na macho hayamtambui mtu.

Pale kliniki kipimo cha sukari kilishindwa kusoma namba, kikaonyesha tu kwamba imepita kiwango. Wakamtundikia maji, wakamdunga dawa yao. Nesi akamgeukia mama mdogo.

“Dawa yenu mlikuwa mnaiweka wapi?”

“Kwenye friji, dada. Hakitoki humo ila kichupa cha kutumia.”

“Iliganda?”

“Haijawahi.”

“Basi iliganda bila ninyi kujua, mama. Hii mliyokuwa mkimdunga haifanyi kazi.” Akavuta pumzi. “Tuliyonayo hapa itamfikisha kesho asubuhi. Mzigo wetu haujafika. Mkiipata leo kutoka hospitali kuu, kule ng'ambo ya mlima, mzee atapona. Msipoipata, sitaki kukudanganya.”

Nilimshika mkono mama mdogo tukatoka. Nilidhani anakwenda kulia nyumbani. Akapinda kuelekea ofisini. Alipanda zile ngazi za juu ya duka la baiskeli bila kushika ukuta, akaenda kwenye friji, akatoa kopo la biskuti na kuliweka juu ya kabati la katikati, pale pale mpakani. Chumba kizima kikainua vichwa.

“Hili kopo ni langu,” akasema. “Si la kulia, si la kushoto. Ndani mna dawa ya mume wangu. Imeganda, imekufa, na mume wangu yuko kliniki hajui kama mimi ni mkewe au ni pazia. Shikamoo, Mwalimu. Habari za leo, Mhandisi. Sitaki kujua nani mkosaji. Nataka kujua imegandaje, halafu nataka gari.”

Bwana Washa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Ni mimi,” akasema. “Nilizungusha kitufe mpaka mwisho. Nilichukua betri na friji ikapata joto, nikaona aibu.”

Mama Zima alikuwa amekaa. “Na mimi nikaiona barafu nikanyamaza,” akasema taratibu. Kisha mazoea yakamshinda. “Lakini wewe usingechomoa hiyo betri—”

“Na wewe usingezima swichi—”

“Gari!” Mama mdogo alilipiga kabati kwa kiganja, mafaili yakaruka. Katika miaka yake yote pale hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, na wote wawili walisimama kama watoto wa shule.

Gari lenyewe sasa. Pikipiki ya umeme ya Bwana Washa isingemaliza mlima na kurudi kwa chaji iliyokuwa nayo. Mama Zima alikuwa na baiskeli, na kwa miaka mingi alikuwa hajakanyaga gari la mafuta. Alikuwa akijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia wajukuu. Ndipo kichwa cha yule mhasibu wa nyuklia kikachungulia kutoka kwenye korido.

“Mimi nina pikapu,” akasema.

Sote tuliijua. Ilikuwa pikapu ya dizeli iliyotoa moshi mweusi kiasi kwamba pande zote mbili, licha ya kugawanyika, ziliwahi kupitisha azimio moja la kuilaani. Bwana Washa alikuwa ameshakamata boksi la kubebea vitu vya baridi. Mama Zima alikuwa ameshalowesha gunia la kulifunikia. Wakajibana kwenye kiti cha mbele, mhandisi katikati, mwalimu dirishani, na pikapu ikaondoka ikikohoa. Mama mdogo akarudi kukaa na mumewe. Mimi nikabaki getini pa kliniki kuangalia barabara, na nakiri sijui sala ngapi niliomba, nyingine hata sizijui vizuri.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipouona moshi. Niliuona kabla ya gari, nikamshukuru Mungu kwa ule moshi, jambo ambalo sidhani kama limewahi kutendeka mbele ya chama kile. Bwana Washa alishuka amelikumbatia boksi kama mtoto mchanga. Mama Zima alishuka na masizi usoni, kwa sababu dirisha la upande wake halikufunga, na njia nzima alikuwa ametoa mkono nje kulimwagia maji lile gunia lisikauke. Walikuwa wanabishana. Dereva akaninong'oneza kwamba kwenda walikwenda kimya, roho mkononi, lakini dawa ilipopatikana ugomvi ukaanza palepale kwenye ngazi za hospitali na haukukoma. “Mpaka tunateremka mlima,” akasema kwa furaha, “walikuwa wameshasahau kunichukia.”

Baba mdogo alirudiwa na fahamu kesho yake. Akageuza kichwa, akamwona mkewe, akamwita kwa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Kisha akanusa hewa.

“Nani ananuka dizeli?”

“Ni Mama Zima,” mama mdogo akamwambia.

Alicheka hadi nesi akaja kumkemea. Mama mdogo naye alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akakilaza kichwa chake kitandani kando ya mkono wa mumewe, na sote tukatoka nje tukawaacha.

Usidhani nataka kukuambia kwamba baada ya hapo walipatana. Hawakupatana. Makabati bado yako katikati. Suala la uwanda wa nyasi bado linawapeleka kwenye mikutano, kila upande na mabango yake, na juzi nilimsikia Bwana Washa akimwita Mama Zima breki ya baiskeli isiyo na baiskeli. Mhasibu bado yuko korido. Ila siku hizi pande zote humpa salamu, na yeye huwajibu kwa tahadhari.

Lakini mimi nawashukuru, wote, na nasema hivyo bila kuona haya. Bila kiherehere cha Bwana Washa kisingekuwepo kitu cha kuibeba friji ile kila umeme unapokatika, na baba mdogo angezidiwa zamani. Bila ukaidi wa Mama Zima tusingekuwa na kile kilichopo sasa dirishani kwetu: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga unaoloweshwa asubuhi na jioni, na kifuniko cha kitambaa kibichi. Alikifinyanga mwenyewe, akatuletea kwa baiskeli, akamwonyesha mama mdogo namna ya kukitunza. Msimu wa joto kavu, kichupa kinachotumika hukaa humo na hakina wasiwasi. Bwana Washa hakukubali kuachwa nyuma. Alifunga kwenye chungu hicho kipima joto chenye kengele, ambayo hulia kwa sauti ya mbuzi hata jirani akikaanga vitunguu. Baba mdogo amekizoea. Anasema kinamkumbusha kuwa yupo.

Mama mdogo naye nikimuuliza kama aliwasamehe, hunishangaa. “Niwasamehe nini? Watu wawili wamevunja miiko yao siku moja kwa ajili ya kinyozi. Wewe unawajua wangapi?” Siwajui wengine. Kazini anachemsha chai vilevile, birika moja, chupa moja, na wanaisifu vilevile. Sijui kama wameshagundua. Nadhani wameshagundua.

Siku za Kupumzisha Waya nazo zinaendelea, kwa sababu Mama Zima ni Mama Zima. Ila sharti limeongezwa: Ijumaa, kabla swichi haijazimwa, kopo la biskuti litoke kwenye friji, lifunikwe kwa kitambaa kilicholoweshwa, lipelekwe nyumbani kwetu likae kwenye chungu hadi Jumatatu. Mama mdogo angeweza kulibeba mwenyewe kwenye kikapu chake. Hawamruhusu. Bwana Washa hamwamini Mama Zima kubeba dawa, atasimama njiani kutazama ndege. Mama Zima hamwamini Bwana Washa, atalifunga waya. Basi wanakuja wote, mmoja ameshika kopo, mwingine ameshika chupa ya maji ya kulowesha kitambaa, wanapandisha mtaa wetu kwa miguu wakitupiana maneno kuhusu mabetri, kuhusu ndege, kuhusu nani hasa atakayeiokoa dunia.

Baba mdogo siku hizo hufunga kibanda mapema. Hukaa karibu na dirisha, kando ya chungu, kanyoa ndevu zake, kavaa shati safi. Sauti zao huzisikia tangu kwenye kona, kabla hata hazijawa maneno, na uso wake wote hulegea.

“Mama,” humwambia mkewe, “weka maji jikoni. Dawa imefika.”

Na mama mdogo huinuka kwenda kufungua mlango.